Nyavu Ziko kwa Mama Bhoke

Minza mwanangu,

Ni mchana, jua kali, na nimekaa barazani mikono mitupu. Siku za giza hizi, mimi, nimekaa! Jirani akichungulia atadhani tuna msiba. Wewe umekwenda Nyegezi kutafuta begi lenye zipu nzima. Baba yako yuko ndani amelala, au anajifanya amelala, maana ananikwepa tangu jana. Nikasema basi ngoja niandike. Karatasi hizi nitazitia kwenye mfuko wa maandazi, chini kabisa, na ninavyokujua, basi halijafika Usagara utakuwa umeshazifikia.

Sitakuambia uvae sweta. Kwamba Iringa kuna baridi umeshaambiwa na mtaa mzima. Sitakuambia habari za wanaume, wala za kusali, wala za kufunga mlango. Hayo umeyasikia tangu kipaimara, na kama hayajaingia hayataingia leo. Nataka kukuambia habari za mbalamwezi.

Huko unakokwenda mwezi ni mwezi tu. Ukiwaambia wenzako wa kiwandani kwamba kwenu maisha yamegawanywa mara mbili, giza na mbalamwezi, watakucheka. Waeleze taratibu. Dagaa wanafuata taa. Mwezi ukiwaka taa haina kazi, mitumbwi inalala. Mwezi ukipotea wanaume wanaingia ziwani na taa zao, na alfajiri sisi wanawake tunapokea ndoo mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, tunatandaza nyavu kuukuu mchangani, tunaanika, tunageuza, tunakimbizana na mawingu. Giza ni kazi. Mbalamwezi ndiyo mengine yote: kusuka nywele, kuwasalimia wagonjwa, kupeleka mtoto kliniki, kuziba ukuta uliopasuka, kugombana na mume kwa nafasi. Harusi yangu ilikuwa mbalamwezi. Wewe ndiye uliyejifanya mjuaji ukaja gizani, tena dagaa wametandazwa na wingu linakuja, na mama mmoja akanifokea, "Si ungembana kidogo!" Tulicheka wote, mimi nikiwa katikati ya uchungu.

Kosa langu, Minza, ni kwamba nilidhani na mwili unaijua kalenda hii.

Habari ya bati unaijua mwisho wake tu, kwa sababu mwaka ule wewe ulikuwa shule ya bweni. Mwanzo wake ulikuwa hivi. Baba yako alirudi kutoka ziwani asubuhi moja akasema ziwa limemfuata mpaka nyumbani, kitanda kinayumba. Nikamsindikiza zahanati. Wakampima, wakasema presha iko juu sana, wakampa vidonge, wakamwambia arudi kupimwa tena baada ya wiki. Wiki ile ilikuwa giza bado. Akasema, "Nitarudi mbalamwezi." Nikasema sawa, mbalamwezi. Vidonge vikaisha. Hatukuona tatizo, kwa sababu mbalamwezi ilikuwa karibu.

Mbalamwezi ikaja, na bati la chumba chetu lilikuwa limeoza, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Tukaangaliana. Zahanati ilikuwa pale pale haiendi popote, lakini mvua ingekuja. Baba yako akapanda mwenyewe na nyundo. Mimi nilikuwa chini nampa misumari. Kila mara alikuwa akisimama, anashika kenchi, anafumba macho.

"Kizunguzungu?" nikamuuliza.

"Jua tu."

Nikamwambia, "Basi maliza upande huu kabla mvua haijatukuta."

Alimaliza upande ule, na upande wa pili pia. Akashuka ngazi vizuri kabisa, hakuteleza. Akaenda kwenye karai kunawa mikono, sabuni ikamponyoka. Akawa anaitazama. Akacheka, lakini uso ulicheka nusu, nikadhani anafanya mzaha, nikamwambia, "Acha utani, Baba Minza, okota sabuni." Hapo ndipo alipoanguka.

Bati halivuji mpaka leo. Mvua ya juzi ilivyopiga vile, hata tone. Baba yako mwenyewe husema, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Ile kazi... niliifanya." Aliifanya kweli.

Mimi sikulia. Watu walikuja, wakaniona napika, nafua, namgeuza mgonjwa, na giza lilipofika nikaonekana mwaloni na beseni langu. Wakasema Mama Minza amepiga moyo konde. Kanisani nilitolewa mfano. Mwanangu, sikuwa nimepiga konde chochote. Sikusikia kitu. Nilisubiri nisikie, nikaona hakuna kinachokuja, nikaendelea na kazi. Nimeishi hivyo hivyo mpaka sasa. Siku ulipokuja umeshika simu unarukaruka kwamba umepata kazi ya kutengeneza mashine za kiwanda cha maziwa, ukaniuliza mbona sifurahi. Nilifurahi, lakini kwa akili. Nilijua kwamba hili ni jambo la furaha, kama ninavyojua kwamba leo ni Jumamosi.

Miguu nayo ikafuata. Ilianza kama nimevaa soksi. Mimi, soksi! Nilikuwa nakanyaga sakafu, nasikia kitambaa. Nikasema ni uchovu. Halafu mwaloni, jua la mchana likishauchoma mchanga, wenzangu wanarukaruka kama vifaranga, wanatafuta kivuli cha mtumbwi, na mimi napita katikati yao peku nageuza dagaa. Wakasema nina miguu ya ng'ombe. Minza, nilijisikia vizuri! Nilitembea polepole makusudi ili wanione. Mtu mzima, mama wa binti mkubwa, natembea juu ya mchanga wa moto kwa maringo, wala haikunijia hata mara moja kujiuliza kwa nini wao wanaungua na mimi siungui.

Msimu huu ndio ulikuwa wa kunimaliza, na uliuona mwenyewe. Mvua imewahi, maji yanateremka kutoka kwenye yale mawe nyuma ya nyumba yanakuja moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba chako, ukuta umefura. Asubuhi niko mwaloni. Mchana nachimba mtaro, nabeba mawe, nakoroga saruji. Jioni namwogesha baba yako. Ulikuwa unanipokonya sepetu, nakupokonya tena. Ukisema "Mama, pumzika," nakujibu mbalamwezi si hii hapa inakuja. Ilikuja, nikaimalizia kwenye mtaro.

Halafu ile siku. Ulisimama mlangoni na kikombe cha chai, ukauliza, "Mama, nani kachinja kuku?"

"Kuku gani?"

Ukaanza kufuata matone ya damu kwenye sakafu, toka mlango wa nyuma, ukapita juu ya saruji niliyoilaza mwenyewe, ukafika kwenye ndala yangu. Msumari. Ule ule wa bati la zamani, ule ambao mimi na baba yako tuliung'oa tukautupa nyuma kwenye mawe, tukasema tutaokota misumari mbalamwezi. Ulikuwa umeitoboa ndala ukaingia mguuni, na nilikuwa nimetembea nao tangu asubuhi. Nimekwenda nao mwaloni, nimeanika nao, nimerudi nao. Wewe ndiye uliyelia. Mimi niliutazama mguu ule kama mguu wa mtu mwingine aliyekuja kutembea. Na nilichokuambia, nakikumbuka, ni "Afadhali hauumi."

Yule nesi wa zahanati, binti mdogo tu, sijui hata kama ana miaka yako, alinipima, akasema ni sukari, tena ya siku nyingi. Akageuza mguu, akaubonyeza, akaniuliza nasikia? Nikasema sisikii. Akabonyeza kwingine. Sisikii. Akaandika cheti. "Mama, hospitali kubwa, wiki hii. Hiki kidole sikipendi."

Nikamuuliza, "Nikienda mbalamwezi?"

Akanitazama. "Mama yangu, mbalamwezi na kidole wapi na wapi?"

Ulicheka pale, kwa hasira. Na tulipofika nje ukaniambia, "Siendi Iringa mpaka uende hospitali." Nikakujibu, "Siendi hospitali mpaka upande basi." Tukanuniana kama wake wenza. Wewe ulikuwa umeshawaomba watu wa kiwanda wakusubiri mara moja, wakakubali kwa shida, wakasema usipofika Jumatatu nafasi anapewa mwingine. Ulijua hivyo, na bado ukavua viatu ukakaa. Na mimi nilijua kidole kinabadilika rangi, na bado kila asubuhi nilifunga kitambaa, nikabeba beseni.

Ulidhani ni kiburi. Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini zaidi ya kiburi ni kwamba sikuogopa. Nesi aliposema ninaweza kupoteza mguu nilimsikia vizuri, neno kwa neno, na halikunifikia. Ni kama mtu aniambie Bukoba ni mbali. Mtu akiogopa anakimbia, anakwenda mahali. Mimi sikuwa na kitu cha kunisukuma kwenda popote, isipokuwa dagaa, ambao nawajua.

Sasa nikuambie kwa nini leo nimekaa barazani, kwa maana jana ulikuwa kwa shangazi yako unaaga, ukarudi, hukuambiwa kitu.

Jana baada ya kanisa... hapana, jana ilikuwa Ijumaa, naona hata siku zimenichanganya. Jana nilitoka dukani kununua kibiriti. Narudi, naangalia kamba ambako naanika nyavu, kamba tupu. Baba yako amekaa kwenye kiti chake, shati limelowa jasho, fimbo iko chini, anahema.

"Nyavu ziko wapi?"

"Kwa... Mama Bhoke."

Unajua tangu aanguke hajavuka lile geti. Mazoezi walimwambia, akasema atafanya, hakufanya. Jana alibeba nyavu begani, sijui alizipandishaje, akatembea na fimbo mpaka kwa Mama Bhoke, huyu jirani ninayeanika naye mwaloni, akarudi, akazichukua zilizobaki, akaenda tena. Kwa mkono mmoja.

"Umeziuza?"

"Nimemwazima. Giza hili... lote."

Minza, nilimtukana. Nisikufiche. Nilimwambia tutakula nini, nilimwambia yeye amekaa tu kwenye kiti anajua nini, nilisema maneno ambayo mke hamwambii mgonjwa. Aliniacha nikamaliza. Halafu akaanza kusema, na unajua anavyosema, neno moja linatoka, lingine linakwama, na mimi huwa nammalizia maneno ili twende haraka. Jana sikummalizia, kwa sababu sikujua anakokwenda.

Akasema, "Siku ile... juu ya bati... uliniambia... maliza upande huu."

Miaka yote hii hajawahi kulisema. Nilidhani hakulisikia. Nilidhani nalikumbuka mimi peke yangu.

"Sikulaumu," akasema. "Hata mimi... nilitaka kumaliza. Lakini hakuna... aliyeniambia nishuke." Akapumzika. Mate yalimtoka, akayafuta mwenyewe. "Sasa mimi... nakuambia wewe. Shuka, Mama Minza."

Nilitoka nikaenda kwa Mama Bhoke, nia yangu nikazichukue nyavu zangu. Nilimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni, jitu zima limejaa mlango.

"Shikamoo nyavu," akaniambia. "Maana najua hukuja kunisalimia mimi."

"Nipe nyavu zangu, Mama Bhoke."

"Nyavu zipi? Hizi nimeazimwa na mwenye nyumba wako, kamlalamikie yeye. Nitaanikia, na nusu ya dagaa nitakuletea. Mzee wako uji nitampikia, tena wangu una karanga. Lakini mguu huo usiulete kwenye mchanga wangu, umenisikia?" Akanitazama mguu, sauti ikashuka. "Dada, sisi wote tulikucheka na miguu ya ng'ombe. Tungekuuliza. Hatukuuliza."

Nikarudi nyumbani bila nyavu. Sikulia, usije ukanisingizia. Nilikwenda nyuma, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, nikaanza kuokota ile misumari ya zamani kwenye mawe, mmoja mmoja, nikaitia kwenye kopo. Nimeokota yote niliyoiona. Kama wewe au mimi tungekaa pale siku moja tu, siku yoyote, ya giza au ya mwezi, tungeimaliza kabla ya chakula.

Sikufundishi kitu, Minza. Nakueleza tulivyofanya sisi, utumie au uache. Kiwanda hakina mbalamwezi, lakini utajitengenezea ya kwako, nakujua, umetoka tumboni mwangu. Utasema nikimaliza zamu hizi. Utasema mashine hii ikipona. Utasema nikishahamia kwenye chumba kizuri ndipo nitakwenda kupimwa, ndipo nitalala, ndipo nitampigia mama. Na utafanya kazi vizuri sana, watakusifu, na bati lako halitavuja. Ukisikia wanakusifu kwamba huchoki, nenda mahali ukae peke yako, ujibonyeze kidogo uone kama unasikia.

Na kitu kingine. Wakati ulipovua viatu ukakaa, nilikukasirikia sana, nikasema mtoto huyu anachezea riziki. Lakini nataka ujue kwamba niliona. Mtu alikaa chini kwa ajili yangu. Badala ya kukuambia hivyo, wakati ule nilikutuma maji.

Kesho stendi utaniona nimebeba mfuko mweusi. Ukiniuliza nitakuambia ni vitu vya Mama Bhoke. Kwa kuwa sasa unasoma hapa, umeshauliza na mimi nimeshakudanganya, na utanisamehe. Mna khanga mbili, kikombe, sabuni, na kile cheti cha zahanati. Basi lako likishatoka tu getini mimi napanda gari la kwenda hospitali. Sikukuambia kwa sababu ungetaka kunishika mkono mpaka mlango wa daktari, na Jumatatu ingekupita. Tumengojana vya kutosha. Kesho kila mtu anapanda gari lake.

Huenda watakata kidole. Huenda zaidi ya kidole, nesi hakunificha. Nimejaribu kuliogopa hilo tangu asubuhi, na nadhani limeanza kunifikia, kidogo, kwa mbali.

Maana leo asubuhi, nikikunja lile shuka lako la njano, nilikaa kitandani kwako. Ukuta uliofura tumeushika, umesimama, chumba kikavu, na hakuna atakayelala humo. Ikaniuma, Minza. Iliniuma hasa, hapa, mpaka nikashika godoro. Sijaumwa hivyo tangu ile sabuni ianguke. Nilitaka kuinuka nikatafute kazi, halafu nikakumbuka sina nyavu. Nikabaki pale pale, nikaiacha iume.

Basi lako lilipita Mkolani, si ndiyo? Pale kwenye duka la mbao, kando ya barabara, ulimwona mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki, kainua mkono mmoja? Ni baba yako. Amesema atafika barabarani mwenyewe, nisimshike, na kiti atabebewa na Mama Bhoke. Kama ulikuwa umeinamia maandazi hukumwona, mpigie. Simu nimemwachia yeye. Ataanza kusema, atakwama katikati; usimmalizie maneno. Ngoja afike mwisho mwenyewe. Yeye ndiye atakayekuambia kama kweli nilishuka.

Mama yako